Ushuhuda Tulioutoa Mapema

Jumapili moja tulisimama mbele ya usharika, mume na mke, tukamshukuru Mungu kwa uponyaji wa jicho. Mchungaji alitupa dakika tano. Tulieleza kwamba jicho la kushoto la baba wa nyumba yetu lilikuwa limejaa ukungu, kwamba madaktari walikuwa wanalichoma sindano mara mbili kwa wiki, na kwamba sasa ukungu ule ulikuwa unaondoka. Tukamalizia kwa kusema, "Bwana ameponya." Kwaya ikaimba, vigelegele vikapigwa, na mama mmoja mzee akaja kutufunika wote wawili kwa kitenge chake. Tulirudi nyumbani na furaha ya kweli.

Wiki mbili baadaye jicho lile lilikuwa halioni tena, na sisi hatukuwa tumemwambia mtu.

Tulipoombwa kuandika juu ya imani katika kitabu hiki, tulijadiliana siku nyingi kama habari hii inafaa. Tumekubaliana kuiandika pamoja, kwa sababu ugonjwa uliingia katika mwili wa mmoja wetu, lakini makosa tuliyafanya wote wawili.

Sisi sote tunaishi na VVU. Wengi katika usharika wanalijua hilo, maana hatukuficha. Huduma ya kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ilianza nchini kwetu Tanzania mwaka 2004, nasi tulipopimwa tuliikuta njia imekwisha kufyekwa na wengine. Tulianza dawa, tukapata nguvu, na cherehani ikaendelea kulia. Mume ni fundi cherehani. Sare za shule alizoshona ndizo zilizosomesha watoto wetu.

Kisha likaja kundi la mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri alisema kwamba anayemeza vidonge baada ya kuombewa anamwambia Mungu kuwa hamwamini. Mume aliombewa, akarudi nyumbani, akaweka kopo la dawa juu ya kabati na hakulishusha tena. Mke aliendelea kumeza zake. Kwa karibu miaka miwili tulikula sahani moja na kulala kitanda kimoja, huku kila mmoja akiwa na imani yake juu ya kopo lile. Mke alinyamaza kwa kuogopa kuonekana ndiye mwenye imani haba. Mume alinyamaza kwa sababu alikwisha kusema hadharani kwamba amepona, na hakujua angerudije nyuma. Huo ulikuwa ukimya wetu wa kwanza. Wa pili tutaufikia.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Mume aliona vidoa vyeusi vinaelea kama nzi mbele ya jicho la kushoto. Usiku aliona vimulimuli vya mwanga hata taa ikiwa imezimwa. Mishono ikaanza kwenda upande. Alinunua miwani ya kusomea kwa machinga, akasema ni umri. Mke ndiye aliyegundua kwamba anagonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango ule ule aliopita miaka yote. Jicho halikuuma hata mara moja. Tunalirudia hili kwa ajili ya msomaji: halikuuma. Kama lingeuma tungekwenda mapema.

Kliniki ya CTC walipopima kinga, CD4 zilikuwa 31. Wakatupa barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Huko daktari bingwa wa macho, mama mpole mwenye sauti ya chini, aliweka matone ya kupanua mboni, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti akakaa karibu nasi.

Alisema ndani ya jicho kuna virusi viitwavyo sitomegalo, kwa kifupi CMV. Watu wengi duniani wanavyo mwilini tangu utotoni, navyo hulala bila kuleta shida. Lakini kinga ikishuka sana, hasa CD4 zikiwa chini ya 50, vinaweza kuamka na kushambulia retina, yaani ule utando mwembamba ulio nyuma kabisa ya jicho unaopokea mwanga. Alituonyesha picha: mabaka meupe yaliyochanganyika na damu, kama mtindi uliodondokewa na damu. "Sehemu iliyokwisha kufa hairudi, baba," alisema. "Tunachopigania ni ile iliyobaki."

Alitusimulia pia kwamba kabla ya dawa za mchanganyiko za VVU kuanza kutumika mwaka 1996, ugonjwa huu uliwapofusha wengi wenye UKIMWI kule Marekani na Ulaya. Dawa ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani kuutibu, gansikloviri, ilipata kibali mwaka 1989, na wagonjwa waliwekewa dripu siku baada ya siku. Dawa za VVU zilipopatikana, ugonjwa ukapungua sana. "Siku hizi ninawaona zaidi waliochelewa kupima na walioacha dawa," alisema. Aliposema "walioacha dawa" hakututazama, nasi tulimshukuru moyoni kwa hilo.

Tuliuliza kama kuna vidonge. Alisema vipo, na uzuri wake ni kwamba vinalinda macho yote mawili na mwili mzima. Lakini hospitalini havikuwapo, na bei yake nje ilizidi kipato chetu cha miezi mingi. Kilichokuwapo ni gansikloviri ya kuchoma ndani ya jicho lenyewe.

Hapa ndipo mume alipotaka kusimama na kuondoka. Fundi cherehani anajua sindano ni nini. Kidole chake kimechomwa mara zisizohesabika. Kusikia kwamba sindano itaingia jichoni, tena akiwa macho na akiwa anaona, kulimkausha mate.

Daktari hakumharakisha. Alieleza kwamba sindano ni nyembamba sana, inapita kwenye weupe wa jicho kama milimita 4 kutoka kwenye ukingo wa sehemu nyeusi, na kwamba ganzi itawekwa kwanza, kisha iodini ya kuua vijidudu. Kisha akaeleza hatari, moja moja, huku akizihesabu kwa vidole. Vijidudu vinaweza kuingia na sindano na kuharibu jicho kwa siku chache. Hilo ni nadra, halifikii sindano moja katika 1,000, lakini tungechomwa sindano nyingi, na kila moja ina hatari yake. Damu inaweza kuvuja ndani. Presha ya jicho inaweza kupanda. Mtoto wa jicho anaweza kutokea. Retina, ambayo tayari imeliwa na ugonjwa na kuwa kama kitambaa kilichochakaa, inaweza kuchanika na kubanduka. Na kipimo cha dawa kikikosewa, dawa yenyewe inaweza kuunguza retina. Kichupa kina miligramu 500 kwa ajili ya dripu, wakati jicho linahitaji miligramu 2 tu. Kwa hiyo mfamasia huipunguza kwa uangalifu, na mtu wa pili huhakiki.

Mwisho alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Nisipochoma, ugonjwa utalimaliza jicho hili. Nikichoma, ninaweza kulisaidia, na pia ninaweza kulidhuru. Na sindano hii inatibu jicho inalochomwa tu. Jicho la kulia litalindwa na kinga yako ikipanda. Kwa hiyo dawa za VVU tutazianza tena baada ya wiki kama mbili."

Tulitia sahihi fomu ya ridhaa. Tunakiri kwamba tulisikia yote na tukashika lile tulilolipenda. Kwenye basi la kurudi nyumbani tulizungumza juu ya neno "kulisaidia." Neno "kulidhuru" hatukuligusa.

Ratiba ilikuwa sindano mbili kwa wiki kwa wiki tatu, halafu moja kila wiki. Mume hulala chali, kifaa cha chuma hushikilia kope zisifunge, iodini huwasha, kisha huja mgandamizo kama wa kidole gumba. Baadaye huona mapovu meusi yakielea, na daktari huuliza, "Vidole vingapi, baba?" Mke alisimama nje akihesabu vigae vya sakafu. Baada ya sindano ya tano ukungu ulipungua kweli. Baada ya ya sita tukasimama kanisani.

Hakuna aliyetulazimisha. Mchungaji alisema tungeweza kusubiri. Ni sisi tuliotaka, na sababu tunaijua. Tulitaka ionekane kwamba mume, aliyeacha dawa kwa ajili ya imani, hakuaibishwa na imani hiyo. Tulitaka Mungu atusafishie jina. Ushuhuda ule ulimtaja Bwana, lakini ulikuwa unatutetea sisi.

Usiku wa siku tatu baada ya sindano ya nane, mume aliona kivuli cheusi kikipanda kutoka chini ya jicho la kushoto, kama pazia linalovutwa kwenda juu badala ya kushuka. Daktari alikwisha kutuambia: ukiona pazia, au jicho likiuma na kuwa jekundu, njoo siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Tulilijua hilo. Hatukwenda.

Siku ya kwanza tulisema ni uchovu. Siku ya pili tulifunga na kuomba. Siku ya tatu mama mzee wa kile kitenge alipita dukani, akauliza, "Jicho linaendeleaje, mwanangu?" Mume akajibu, "Linaendelea vizuri, mama, Bwana asifiwe." Mke alikuwa amekaa pale anatia vifungo, akaitikia, "Amina." Hatukuwa na ujasiri wa kulibatilisha neno tulilolisema madhabahuni. Siku ya nne pazia lilikuwa limefunika kila kitu.

Retina ilikuwa imebanduka mpaka katikati, pale panapoona herufi na nyuso. Walifanya upasuaji na kujaza jicho mafuta ya silikoni ili kuirudisha mahali pake. Leo jicho lile linatofautisha mchana na usiku, na kiganja kikipungwa karibu linajua kuna kitu. Basi.

Tulimuuliza daktari, "Ni sindano iliyofanya hivi?" Alisema sindano inaweza kuchangia, na ugonjwa wenyewe huchana retina hata pasipo sindano, na kwa jicho letu hakuna awezaye kusema kwa hakika ni kipi. Tukauliza la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi: kama tungekuja usiku ule ule? Alinyamaza kidogo. "Inawezekana tungeokoa zaidi," alisema.

Tumeishi na maswali hayo mawili. La kwanza tumeliacha mikononi mwa Mungu. La pili hatuwezi kumwachia Mungu peke yake, kwa kuwa jibu lake tunalijua.

Hatukuja kanisani Jumapili tatu. Jumapili ya tatu jioni mchungaji alikuja nyumbani na mzee mmoja wa kanisa. Hakuja na hotuba. Alifungua Injili ya Marko sura ya 8, habari ya yule kipofu wa Bethsaida. Yesu alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji, akamgusa, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu akasema ukweli: anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea. Yesu akamgusa mara ya pili.

Mchungaji alituuliza, "Mnadhani nini kingetokea kama angejibu kwamba anaona vizuri?"

Hatukujibu, lakini usiku ule hatukulala. Tulikuwa tumeisikia sura hiyo tangu kipaimara na hatukuwahi kuona jambo hili: yule mtu alikuwa mbele ya Bwana mwenyewe, mbele ya watu waliomleta wakiwa na matumaini makubwa, na bado alithubutu kusema kwamba haijakamilika. Hakuogopa kumwaibisha Yesu. Wala Yesu hakumkemea kwa imani haba. Mguso wa pili ulimkuta kwa sababu alisema hali yake ilivyo.

Wiki iliyofuata, kwenye uchunguzi wa kawaida, daktari alikuta baka dogo pembeni kabisa mwa retina ya jicho la kulia. Dawa za VVU zilikuwa zimeanza tena, lakini kinga ilikuwa bado haijapanda. Sindano zile zile, hatari zile zile, na sasa katika jicho pekee lililobaki.

Wapendwa, hapo ndipo tulipojua kama tunaamini au hatuamini. Safari hii hatukuomba Mungu atuahidi kwamba sindano haitadhuru. Tulisoma fomu neno kwa neno, mke akisoma kwa sauti na mume akirudia. Tuliuliza nani anahakiki kipimo cha dawa. Tuliuliza namba ya simu ya kupiga usiku. Kisha tukaomba maombi mafupi: "Bwana, jicho hili ni lako. Ongoza mkono wa daktari. Na lolote litakalotokea, tusilifiche." Tukatia sahihi.

Jumapili tukaomba tena nafasi kanisani. Ilikuwa vigumu kuliko mara ya kwanza. Tulisema kwamba jicho tulilolishuhudia limepotea. Tulisema kwamba mume aliacha dawa na kwamba hilo ndilo lililofungua mlango wa ugonjwa. Tulisema kwamba tulikawia siku nne kwa ajili ya aibu. Tulisema kwamba sasa jicho la pili linachomwa, na kwamba linaweza kupona, na linaweza kupotea. Hakukuwa na vigelegele. Lakini mama wa kitenge alisimama, akasema, "Basi tuambieni siku za sindano ili tujue siku za kuomba." Baada ya ibada watu watatu walitufuata mmoja mmoja pembeni. Wawili kati yao walikuwa wameacha dawa. Mmoja alikuwa anaona nzi jichoni.

Tangu siku hiyo usharika ulihesabu sindano pamoja nasi. Jumuiya yetu ilichanga nauli. Kijana mmoja mwenye bodaboda alisema simu yake haitazimwa usiku. Na kila mtu alipouliza, tulijibu jinsi ilivyo: leo presha ya jicho ilipanda, ikashushwa, leo hakuna mabadiliko, leo tunaogopa.

Miezi kadhaa baadaye, CD4 zilipokuwa zimepanda, jicho la kulia likaingia ukungu tena. Tulipigiwa bodaboda saa ile ile. Daktari alisema kinga iliyorudi ilikuwa inapambana na mabaki ya virusi na kuleta uvimbe ndani ya jicho. Alikwisha kutuonya kwamba jambo hilo hutokea. Alitupa matone ya kutuliza uvimbe, na ukungu ukaondoka. Kinga ilipobaki juu kwa miezi, sindano zikakoma.

Jicho la kulia linaona leo. Haliioni kona moja ya pembeni, kwa hiyo mke hutembea upande huo. Mume amerudi kwenye cherehani. Kushona anaweza, lakini kuingiza uzi kwenye tundu la sindano kunamshinda, maana kwa jicho moja hajui sindano iko karibu au mbali kiasi gani. Mke humwingizia uzi asubuhi katika sindano kumi na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, naye huzitumia mchana kutwa. Kopo la dawa haliko tena juu ya kabati. Liko mezani karibu na chumvi, na kila mmoja humwona mwenzake akimeza.

Ndugu msomaji, hatukuandika haya ili uogope sindano ya jicho. Bila sindano zile tungekuwa na giza pande zote mbili. Wala hatukuandika ili uidharau hatari yake. Iulize, isikie yote, na uitaje kwa jina unapoomba. Ukiona vidoa vinavyoelea, vimulimuli au pazia, nenda siku hiyo, hata kama hakuna maumivu. Kama unameza dawa za VVU, usiziache kwa neno la mtu yeyote, hata akiwa ameshika Biblia. Na nyie mnaosikiliza shuhuda, mkituuliza hali, mtupe nafasi ya kujibu kwamba bado.

Wiki iliyopita tulikuwa kliniki. Daktari alimulika jicho la kulia, akaandika, akasema turudi baada ya miezi mitatu. Hivyo ndivyo hali ilivyo mpaka leo tunapoandika. Tunamshukuru Mungu kwa hapo lilipofika. Tuombeeni.